Kisa cha Dobi na Mlinzi Asiyenyanyuka

Sogeeni, enyi mlioketi nanyi mliokosa viti; zimeni redio, epueni sufuria motoni, na mwenye mtoto aliyelala amfunike vizuri, kwa maana habari ninazozileta si za kusikilizwa huku mtu anatafuta soksi. Wako waliowasifu wafalme kwa kuvunja ngome na majemadari kwa kuvuka mito iliyofurika. Waacheni na wafalme wao. Mimi fundi cherehani, jirani wa ukuta kwa ukuta na duka la Dobi, niliyeyaona haya kwa macho yanayotunga uzi bila miwani, nitawasimulia jinsi Dobi, mtiisha makunyanzi, bwana wa mvuke, mwana wa pasi ya umeme na mjukuu wa pasi ya mkaa, alivyomuumba mtu mmoja kwa maneno matupu, na jinsi mtu huyo alivyokaa kitini asinyanyuke.

Lakini kwanza mjue mchezo wenyewe, maana asiyeujua atadhani tuliugua. Kila Jumamosi alasiri, duka likishafungwa, watu wanne tulikutana katika chumba cha nyuma cha duka lile, tukaizunguka meza ya kupigia pasi, na juu ya vichwa vyetu yakaning'inia makoti ya wateja ndani ya mifuko ya nailoni. Hapo tulicheza mchezo wa kusimulia. Mmoja ni Msimulizi, naye hubeba ulimwengu mzima kichwani. Wengine kila mmoja hubeba mtu mmoja tu, shujaa wake, akamsemea na kumtendea, na penye shaka dadu ya pande ishirini hukata shauri. Msimulizi wetu alikuwa Dobi. Mimi, mwanamke wa sindano, nilikuwa mwanamke wa upanga, mpanda farasi mweupe, na atakayecheka nitamshonea suruali ya miguu mitatu. Fundi Kufuli, mtu mfupi wa vidole virefu na maneno machache, alikuwa kuhani, kwa kuwa mambo ya kufuli alikuwa ameyachoka kazini. Wa mwisho alikuwa Dalali wa nyumba, kaka wa mke wa Dobi, ambaye mezani petu alikuwa balozi, na ambaye kwa ulimi wake angeweza kumuuzia samaki mwavuli.

Sasa katika ulimwengu wa namna hiyo mashujaa huwa ni wachache na watu wa pembeni ni wengi: muuza mikate, mvushaji wa mto, askari wa gereza, mchawi, bibi mwenye kondoo. Wote hao ni mzigo wa Msimulizi. Yeye ndiye huwaumba, huwapa sura na tabia, na wakikutana na mashujaa yeye ndiye huwasemea. Ni kazi nzito kuliko kupiga pasi koti la hariri, na Dobi aliipenda kuliko chakula.

Na hapo ndipo palipokuwa na msiba. Dobi alikuwa mwema kupita kiasi. Neno "hapana" lilikuwa limekaa kooni mwake tangu utotoni na halijawahi kutoka kuona jua, na watu wote wa ulimwengu wake walizaliwa na koo lile lile. Tulipofika kwa joka lililolalia hazina, joka la vichwa viwili, Dalali alilijulia hali tu, nalo likatuachia dhahabu yote likatuomba tuwe tunapita kulisalimia. Askari mkuu wa gereza alitupa funguo pamoja na chakula cha njiani. Mtoza ushuru wa daraja alitulipa sisi. Mchawi wa kaskazini, aliyekuwa ameapa kutuangamiza, aliposikia mimi nina safari ndefu alinishikia farasi nikapanda. Dadu yetu ilikaa mezani bila kazi mpaka ikaanza kuota vumbi.

Tena kama si watu wake, ni yeye mwenyewe. Mara kwa mara, tukiwa katikati ya vita, kioo cha mlango wa mbele kiligongwa kwa pete, nasi tukajua ni nani: Mwenyekiti, mwenyekiti wa chama ambacho hakuna aliyewahi kukutana na mwanachama wake wa pili, mtu wa sherehe kila wiki na wa kukumbuka suti yake duka likishafungwa. "Ni koti moja tu, kijana wangu," angesema. Dobi angenyanyuka. Angeondoa ramani yetu mezani, angewasha pasi, nasi mashujaa tungesimama ukutani na panga zetu za mawazo tukimtazama akinyoosha kola ya mtu mwingine. Pasi ikishapoa na vita navyo vilikuwa vimepoa.

Jumamosi moja, baada ya jemadari wa adui kutukabidhi jeshi lake kwa sababu Dalali alimwambia anaonekana amechoka, Dalali aliiweka penseli yake chini.

"Shemeji," akasema, "nakupenda, na dada yangu ulimuoa kwa heshima zote. Lakini nisikilize. Mimi kazini watu wananikataa kutwa nzima. Chumba ni kidogo, jiko liko mbali, choo kinaangalia barabara. Nilidhani nikija hapa nikakubaliwa nitafurahi. Kumbe kukubaliwa na kila mtu kunachosha kuliko kukataliwa."

"Sasa nifanye nini?" Dobi akauliza.

"Jumamosi ijayo tunafika Lango la Chuma. Tupe mlinzi. Mlinzi wa kweli, anayekataa. Akitufungulia kirahisi huyu naye, mimi nahamia kwenye karata kwa Fundi Kufuli."

Fundi Kufuli akaitikia kwa kichwa. Dobi akanigeukia mimi. Nikamwambia ukweli, kwamba upanga wangu haujatoka alani tangu msimu wa mvua, na kwamba karata nazijua.

Msidhani ni jambo dogo, enyi wasikilizaji. Wiki nzima watu huingia katika duka lile wakiangalia nguo zao na hutoka wakiangalia nguo zao, na ukimuuliza yeyote kati yao Dobi ana sura gani atakwambia ana duka zuri. Sisi watatu tulikuwa watu pekee tuliokuja kwa ajili yake. Aliipenda ile meza na aliogopa kuipoteza, na hofu hiyo alikwenda nayo nyumbani.

Ndipo ikaanza wiki ya uhunzi mkuu, ambayo wahunzi wa chuma na moto hawajaiona mfano. Usiku wa kuamkia kazi na mchana wa kazi yenyewe, katikati ya mvuke uliopanda kama moshi wa mji uliotekwa, Dobi alimfua mlinzi wake. Wa kwanza alikuwa jitu la makovu saba, jicho moja, shoka begani, kifua kama mlango wa ghala. Alimleta kwangu kumjaribu, nami nikaiacha cherehani, nikasimama kwa adabu nikasema, "Naomba nipite."

Jitu likanikazia jicho lake. Midomo ya Dobi ikatetemeka.

"Kwa kuwa umeomba vizuri," likasema jitu.

Akarudi kiwandani. Wa pili alikuwa mlinzi wa kiapo. Huyu aliapa mbele ya kaburi la baba yake kwamba hatafungua lango mpaka mfalme arudi, na Dobi akamtungia maisha yote, tangu alivyoachishwa ziwa mpaka mama yake alivyopatwa na baridi yabisi. Kosa kubwa. Mtu akiwa na mama mgonjwa, mwenzake atamuulizia mama. Nilimuulizia mama. Mlinzi akalia, na Dobi naye akalia, na lango likafunguka.

Wa tatu hakupewa ulimi kabisa, ili asiweze kusema ndiyo. Nilipomwomba kupita, akanyoosha mkono kunionyesha njia.

"Dada," Dobi akaniambia, akiegemea mlango wangu na vifungo vya shati la mteja mkononi, "wote wananisaliti."

"Hawakusaliti. Wanakufuata."

"Nimewapa sababu nzuri kabisa za kukataa."

"Ndiyo, na sababu zinajibika," nikamwambia. "Mimi nikimwambia mteja kitambaa hakitoshi, ataleta kingine."

Akaenda zake kichwa chini. Katikati ya wiki alijaribu dawa ya mwisho: Mwenyekiti alipogonga kioo jioni, Dobi alikaza magoti, akashika kaunta kwa mikono miwili, akafungua mdomo kulitoa lile neno lililozeeka kooni. Nilikuwa nikisikiliza ukutani. Akaanza na "ha," akasita, jasho likamtoka, na kilichofuata kikawa "haya." Suti ikaingia ndani. Nasikia ilikuwa na doa la mchuzi mgongoni.

Basi Jumamosi ikapambazuka, na Dobi hakuwa na mlinzi. Haya yanayofuata niliambiwa na mke wake mwenyewe, ambaye si mtu wa kuongeza chumvi isipokuwa kwenye maji ya miguu, kama mtakavyosikia. Mke wa Dobi ni muuguzi. Asubuhi ile alirudi kutoka zamu ya usiku, wodi yenye vitanda vingi na mikono michache, akafanya afanyacho siku zote akirudi: akachemsha maji, akayamimina kwenye beseni, akatia chumvi, akaketi kwenye kiti cha sebuleni na sare yake mwilini, akatumbukiza miguu, akafumba macho.

Dobi akatoka chumbani amevaa kwenda kufungua duka. "Ufunguo wa duka umeuona?"

"Nimeukalia," akasema mkewe bila kufumbua macho.

"Unaweza kunyanyuka kidogo?"

"Maji bado ya moto."

Dobi akasimama. Akamweleza kwamba wateja wa Jumamosi huja mapema, kwamba kuna shela la bibi harusi, kwamba ni kunyanyuka kidogo tu, upande mmoja.

"Pole," akasema mkewe.

Mlango ukagongwa, ni jirani, anaomba ngazi. "Hodi humu ndani? Shemeji, nipo hapa nje." Muuguzi akajibu kwa upole kwamba amemsikia, na hakusogeza hata kidole. Simu ikaita, ni Dalali, ndugu yake wa tumbo moja. Ikaita mpaka ikachoka. Na Dobi, aliyekuwa amesimama katikati ya sebule mguu mmoja ukiwa kwenye kiatu, akakisahau cha pili, kwa kuwa aliona alichokuwa akikitafuta wiki nzima, na kilikuwa kimevaa sare ya hospitali.

Mwanamke yule hakuwa na kovu. Hakuwa na shoka wala kiapo, wala hakumkasirikia mtu. Hakutoa hoja ambayo mtu angeweza kuishika mkono akaizungusha. Miguu ilimuuma, maji yalikuwa ya moto, na kati ya mambo hayo mawili dunia yote ingesubiri.

Dobi akapiga goti kando ya beseni. "Mke wangu," akasema, "na kama angekuja mfalme?"

"Angenikuta nimekaa."

"Na jeshi lake?"

"Wangepita nyuma."

"Na kama wangekuomba kwa uzuri, kwa maneno matamu kabisa?"

Muuguzi akafumbua jicho moja akamtazama mumewe, maana si kila siku mtu huulizwa mambo hayo kabla ya chai. "Ningewajibu kwa uzuri," akasema. "Una nini wewe leo?"

Dobi alitoa mfukoni kikaratasi cha namba za nguo, akaandika juu ya goti lake maneno ambayo baadaye niliyaona kwa macho yangu: *Mlinzi. Miguu inamuuma. Ameiweka kwenye maji ya moto.* Hakumwandikia mama. Kisha akaketi chini akangoja ufunguo, na duka lilifunguliwa siku ile kwa kuchelewa sana.

Alasiri tukakusanyika. Dalali alikuja amenyoa. Fundi Kufuli alikuja na karata mfukoni, na pembe ya pakiti ilionekana. Dobi akatandaza ramani, akakohoa, akatuleta mbele ya Lango la Chuma: refu kupita shingo inavyoweza kuinuka, jeusi, limefungwa kwa komeo la ndani lisilofunguliwa ila kwa mkono wa mlinzi, na pembeni yake dirisha dogo la nondo. Ndani ya dirisha, akasema, yumo mzee mwenye ndevu. Kofia yake ya vita ameitundika msumarini. Amekaa kwenye kigoda, na miguu yake imo ndani ya beseni.

Dalali akasimama kabisa kutoka kitini, maana balozi hasemi akiwa amekaa, akainua mkono chini ya makoti.

"Ewe mlinzi wa Lango la Chuma, uliyekabidhiwa dhamana hii na jua na mvua, nisikilize. Nyuma yetu wako watu wa bonde, wazee kwa watoto, wanakimbia moto wa adui. Mbele yetu uko mji wenye visima. Kati ya kiu yao na visima hivyo upo mkono wako mmoja. Vizazi havitauliza ulikula nini wala ulivaa nini. Vitauliza kama uliinua komeo. Liinue, nasi tutalitaja jina lako katika kila karamu mpaka wajukuu wetu waote meno na yang'oke tena."

Ilikuwa hotuba kubwa. Nilitaka kufungua lango mimi. Tukamtazama Dobi, na Dobi akavuta pumzi, na sauti iliyotoka ilikuwa tambarare, ya mtu aliyesimama kutwa.

"Poleni na safari," akasema mlinzi.

Dalali akangoja. "Halafu?"

"Basi. Nimeweka miguu kwenye maji."

Dalali akaketi taratibu, akavuta kiti karibu na meza, na macho yake yakang'aa kama ya mtu aliyeona nyumba ya ghorofa isiyo na dalali. Akaweka mfuko wa dhahabu dirishani. Mlinzi akasema uwekwe hapo hapo, atauona akinyanyuka. Akamuulizia mama. Mlinzi akasema hajambo. Akamuulizia watoto, mshahara, mfalme, ndoto zake za ujana. Mlinzi akajibu yote kwa adabu, na katika majibu yote hapakuwa na mahali pa kushika.

Basi ikawa zamu ya chuma. Nilishuka kwenye farasi mweupe, nikauchomoa upanga wangu, na ninyi mnaojua nilivyoungoja wakati huo mtanielewa nikisema niliubusu kwanza. Nikaupitisha kati ya nondo mpaka ncha ikagusa ndevu. "Fungua," nikasema, "au huu utafungua kitu kingine."

"Uingize polepole," akasema mlinzi. "Usimwage maji."

Kuhani naye akainuka. Fundi Kufuli alimlaani mlinzi kwa laana ya moto, laana ya barafu na laana ya fangasi wa miguu, na hiyo ya mwisho mlinzi akasema anayo tayari, ndiyo maana ya chumvi. Kisha Fundi akasahau ukuhani wake, akauliza kwa sauti ya kazini, "Hilo komeo limefungwa na nini?"

"Halikufungwa na kitu," akasema mlinzi. "Liko upande wangu, ndiyo hivyo tu."

"Tusubiri basi," nikasema. "Maji yatapoa."

Mlinzi akainua birika lililokuwa kando ya kigoda, akajiongezea.

Hapo Dalali akaitwaa dadu. Akaipuliza vumbi, akaisugua kwenye shati, akatangaza kwamba anamshawishi mlinzi kwa nguvu zote alizopewa na kazi yake, akaitupa. Ikazunguka juu ya ramani, ikavuka mto, ikagonga pasi, ikatulia. Ishirini. Kwa sheria ya meza yetu hakuna namba inayoishinda. Dalali akapiga kofi mezani, na mimi nikaona uso wa Dobi ukiregea, shavu kwanza kisha kidevu, ule uregevu niliouona kwa joka na kwa jitu na kwa jemadari. Kooni kwake kitu kilipanda kikashuka. Karata mfukoni mwa Fundi Kufuli zilikuwa zikitazama.

"Umesema vizuri mno," akasema mlinzi polepole. "Umesema vizuri mpaka nimetamani kunyanyuka."

Dalali akaanza kuinuka kitini.

"Lakini maji bado ya moto."

"Hee, shemeji," Dalali akasema, "hiyo ni ishirini."

"Ishirini imemfanya atamani," Dobi akajibu. "Haikumpa miguu mingine."

Na wakati ule ule, wasikilizaji wangu, mbele ya duka, kioo kikagongwa kwa pete.

Tuliujua mlio ule kama tunavyojua kikohozi cha nyumbani. Kutoka tulipoketi tuliweza kumwona kupitia mlango wa kati: Mwenyekiti, amesimama upande wa pili wa kioo, suti mkononi, ameshavaa uso wa mtu anayekaribia kushukuru. Nikaanza kukusanya penseli zangu. Fundi Kufuli akanyoosha mkono kuiondoa ramani, kwa mazoea. Dalali akatazama dari. Dobi akaweka viganja viwili kwenye ukingo wa meza, kama anavyofanya siku zote kabla ya kunyanyuka, na nilimwonea uchungu, kwa kuwa nilijua kwamba safari hii akinyanyuka hatatukuta akirudi.

"Kijana wangu," ikaja sauti kwenye kioo, "fungua mara moja."

Viganja vikabaki pale pale. Dobi hakugeuka hata kutuangalia. Na sauti iliyovuka chumba, ikapita chini ya makoti na juu ya kaunta mpaka mlangoni, ilikuwa ile ile ya mzee mwenye ndevu.

"Pole na safari," akasema. "Tumefunga."

Mwenyekiti akasogeza uso kwenye kioo. "Ni mimi."

"Nimekuona, Mwenyekiti."

"Nina sherehe saa kumi na moja."

"Hongera."

"Ni koti tu. Suruali nitaivaa hivi hivi."

"Maji bado ya moto," akasema Dobi.

Enyi mliopigana vita vikubwa, niambieni kama mmewahi kusikia jibu kama lile. Mwenyekiti alitazama ndani akitafuta maji. Alitazama sakafu ya duka, kaunta, mabomba. Akafungua mdomo kutoa hoja, na niliona kwa macho yangu hoja ikikosa pa kukanyaga, maana mtu hawezi kubishana na maji asiyoyaona. Dobi alikuwa amekaa. Paji la uso lilimtiririka jasho, miguu chini ya meza ilikuwa ikicheza kama ya anayeshona kwa cherehani ya kukanyaga, lakini makalio yake, naomba radhi kwa wenye heshima, makalio yake hayakuachana na kiti.

"Haya basi," akasema Mwenyekiti mwishowe. "Jumatatu mnafungua saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Nitapita." Akaikunja suti kwenye mkono wake, akaenda zake bila hasira, na mbingu hazikuanguka, na duka halikuungua.

Dobi akabaki akikitazama kioo kitupu. "Amekubali," akasema kwa sauti yake mwenyewe.

"Ndiyo, huwa wanakubali," Dalali akamwambia. "Mimi wananikataa hivyo kila siku, na bado naenda kazini. Sasa turudi, nina jambo na mzee wako."

Tukarudi langoni. Sitawaeleza yote tuliyoyajaribu alasiri ile, kwa kuwa mengine yanatuaibisha. Tulimwimbia mlinzi. Tulimletea mto laini wa kukalia kupitia dirishani, akautumia kuweka birika. Nilipigana na kundi la mbwa mwitu mgongoni kwetu, dadu ikanipa saba, ikanipa kumi na nne, nikajeruhiwa bega, nikafurahi kupita maelezo. Fundi Kufuli alichora komeo lile mara kadhaa kwenye gamba la pakiti ya karata, akazitoa karata zenyewe akazitumia kuashiria mbwa mwitu. Dalali alitoa hotuba baada ya hotuba, sauti ikamkauka, na kila moja ilikuwa bora kuliko iliyotangulia, kwa kuwa kwa mara ya kwanza katika ulimwengu ule maneno yake yalikuwa yanagonga kitu.

Mwanga wa dirishani ulipofifia juu ya makoti, Dobi akaanza kukunja ramani. Dalali akaigandamiza kwa kiganja.

"Shemeji, kidogo tu. Nina hoja moja sijaitumia, na ukiisikia hiyo hata wewe utanyanyuka. Robo saa. Nakuomba mimi, kaka wa mkeo."

Ni yule yule aliyesema atahamia kwenye karata. Dobi akamtazama. Mlinzi alikuwa ameshakwenda, hakuna sauti ya kuazima iliyobaki mezani, wala beseni, wala ndevu za kujificha nyuma yake. Nikaona kile kitu kooni mwake kikipanda, na safari hii hakikushuka.

"Hapana," akasema Dobi. "Nina mke nyumbani. Njooni Jumamosi."

Dalali akaondoa kiganja. Katika miaka yote ya kumjua sijamwona akipokea kitu kwa furaha namna ile.

Na iandikwe basi, na wenye kalamu nzuri kuliko sindano yangu waiandike kwa wino usiofutika: katika zama zetu, mbele ya mashahidi watatu na makoti ya watu wengi, mtu mmoja aliombwa na balozi, akatishwa kwa upanga, akalaaniwa na kuhani, akashindwa na dadu, akagongewa na mwenyekiti, na akakaa. Falme zimejengwa kwa watu waliosimama, nazo zimeanguka. Sijasikia iliyoangushwa na aliyebaki kitini. Lango la Chuma halikufunguliwa siku ile. Sisi watatu tuliofungiwa nje tulitembea pamoja mpaka kona, tukibishana kwa sauti namna ya kumnyanyua mzee yule, na Fundi Kufuli, ambaye maneno yake ni machache, akasema hajawahi kuona mlango mzuri kama ule.